Baiskeli ya Umeme: Karatasi Iandikwe Jina la Nani?



Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tunafunga sanduku la AVEC, mama mmoja alinyoosha mkono kama mwanafunzi. Anauza mikate na maziwa, na kila asubuhi analipa motari kumpeleka hadi Rutshuru na kumrudisha. Akasema: «Mwalimu, nimeona Goma baiskeli ya umeme. Muuzaji ameniambia haina haja ya plake wala karatasi, kwa sababu ina pedali kama baiskeli nyingine. Ni kweli?»

Kabla sijafungua kinywa, mama mwingine aliyeketi nyuma akasema kwa sauti ya chini: «Mwambie aulize kwanza karatasi itaandikwa jina la nani.»

Sote tuligeuka. Tunajua yaliyompata. Amenipa ruhusa niyaandike hapa bila jina lake, ili yasimpate mwingine. Kwa hiyo leo nina maswali mawili ya kujibu: la mbele na la nyuma.

Je, ni baiskeli au ni pikipiki?

Umeme tunao sasa. Tangu kituo cha Matebe kianze kutumia maji ya mto Rutshuru, mwisho wa mwaka 2015, nyumba nyingi za Kiwanja zinawasha taa, na mashine za kusaga zinafanya kazi bila mazutu. Ndiyo maana vyombo hivi vya umeme vinaanza kutufaa. Mafuta yanapanda bei kila barabara inapofungwa, lakini batri unaichaji nyumbani. Batri ya volti 48 na ampea-saa 12, ukizidisha, ni wati-saa 576, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kilowati-saa. Ni umeme ule ule ambao balbu ya wati 10 ingetumia ikiwaka saa 57.

Lakini vyombo hivi haviko vya aina moja. Kuna aina tatu, na tofauti yake ndiyo inayoleta ugomvi barabarani.

Aina ya kwanza ina pedali, na mota yake inakusaidia tu unapokanyaga. Ukiacha kukanyaga, mota nayo inanyamaza. Aina ya pili ina pedali pia, lakini kwenye usukani kuna mkono wa kuvuta kama wa pikipiki. Unavuta, inakwenda, hata kama miguu imelala. Aina ya tatu haina pedali kabisa. Hiyo ni pikipiki, ila haina harufu ya mafuta.

Huko Ulaya wameweka mpaka ulio wazi. Chombo chenye pedali, ambacho mota yake haizidi wati 250 na inaacha kusaidia kinapofika kilomita 25 kwa saa, kinahesabiwa kuwa baiskeli na hakiandikishwi kama pikipiki. Kile kinachosaidiwa hadi kilomita 45 kwa saa kinaingizwa katika kundi la pikipiki ndogo, na kinatakiwa kibali na bima. Jirani zetu wa Rwanda nao wamegeuza mambo kwa upande wa pikipiki: mjini Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria haiandikishwi kama si ya umeme. Kwa hiyo msidhani kwamba chombo kikiwa cha umeme hakijulikani ofisini. Kinajulikana, na kinaandikwa.

Kwetu Kongo, sheria ya barabara tunayotumia ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Ni ya zama za mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, ambao nchi yetu iliukubali. Mkataba ule unasema baiskeli ni chombo kinachosukumwa na nguvu za misuli ya watu peke yake. Na pikipiki ndogo unaieleza kwa injini ya kuchoma mafuta isiyozidi sentimita za ujazo 50. Ona sasa: baiskeli yako ya umeme haichomi mafuta, lakini haisukumwi na misuli peke yake pia. Imesimama katikati ya mistari miwili. Muuzaji anavuta upande wake na kusema ni baiskeli. Anayekusimamisha barabarani anavuta upande wake na kusema ni pikipiki. Anayeumia ni mama mwenye mzigo.

Jibu langu kwa mama wa mikate ni hili. Usisikilize pedali, soma mota. Wati zimeandikwa kwenye mota au kwenye kibandiko cha fremu. Kama ni 250 na haina mkono wa kuvuta, tembea na fakture yako, na uwe tayari kueleza kwa upole. Kama ni 500, 1000 au zaidi, au ina mkono wa kuvuta, usidanganywe na pedali. Hiyo ihesabu kama pikipiki, na kaiandikishe kabla haijasimamishwa.

Na msiseme kwamba plake ni mambo mapya ya kutusumbua. Waulizeni wazee wetu. Wakati wa Wabelgiji hata baiskeli ya kawaida ilikuwa na kibao kidogo cha chuma, kuonyesha kwamba kodi yake imelipwa.

Yaliyompata mama wa nyuma

Mama huyu anauza unga wa fufu. Ananunua mahindi na muhogo, anapeleka kwenye mashine, anauza sokoni. Miaka miwili aliweka akiba katika AVEC, na siku ya kugawana alichukua pesa zake zote, akaongeza mkopo mdogo, akanunua baiskeli ya umeme yenye karieri ngumu ya kubeba gunia la kilo 50. Ilikuwa ya aina ya pili, yenye pedali na mkono wa kuvuta. Kwa miezi mitatu maisha yalibadilika. Pesa ya motari ilibaki mfukoni, na alirudi nyumbani kabla watoto hawajatoka shule.

Siku moja akasimamishwa njiani. «Plake iko wapi?» Hakuwa nayo. Baiskeli ililala pale siku tatu, na unga nao ukalala pamoja nayo.

Shemeji yake akaja na neno la faraja. «Mimi najua Goma. Nipe pesa na fakture, nitakuletea kila kitu.» Mama akampa. Kwa nini asimpe? Ni ndugu ya bwana wake, na kutoka hapa hadi Goma ni kilomita kama 70, barabara tunaijua, na yeye ana mtoto mdogo mgongoni. Shemeji alirudi baada ya siku nne na plake mkononi na karte roze ndani ya plastiki. Mama alifurahi, akamchinjia kuku.

Ni binti yake wa darasa la sita aliyesoma. «Mama, hapa wameandika jina la baba mdogo.»

Shemeji akacheka. «Ni karatasi tu. Waliandika jina la aliyefika. Si tuko familia moja?» Mama akanyamaza, kwa sababu ya heshima.

Miezi minane ikapita. Shemeji akaingia katika deni. Asubuhi moja akaja na mtu asiyejulikana, akamwonyesha baiskeli, akamwonyesha karte roze. Yule mtu alikuwa amekwisha kumpa sehemu ya pesa. Mama akapiga kelele hadi majirani wakatoka. Bwana wake pia alishangaa, hakujua lolote. Lakini mnunuzi alisema neno moja ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: «Mimi sijui mambo ya familia yenu. Ninajua kusoma jina.»

Hakuwa mtu mbaya. Alisema kweli.

Walifika mbele ya shefu wa kartye mara mbili. Fakture ya kwanza shemeji alisema imepotea. Kilichomwokoa mama ni kitu kimoja. Alipoomba mkopo, mwandishi wa AVEC alikuwa amemdai kopi ya fakture, akaiweka ndani ya sanduku. Ilikuwa na jina lake, namba ya fremu, tarehe na muhuri wa duka. Na daftari letu lilionyesha siku aliyochukua pesa: ni siku moja kabla ya tarehe ya fakture. Shefu alisoma, akasoma tena. Shemeji akainamisha kichwa.

Baiskeli ilibaki. Lakini mama alilazimika kusaidia kumrudishia mnunuzi pesa yake, na kulipa mara ya pili ili karatasi ibadilishwe jina. Pesa hiyo ilikuwa minerval ya kijana wake wa sekondari. Kijana alikaa nyumbani trimestri nzima. Mimi ni mwalimu, najua trimestri moja ina uzito gani kwa mtoto wa miaka kumi na mitano.

Sheria inasema nini juu ya mwanamke na mali

Baadhi yetu tulikua tukisikia kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kutia sahihi bila ruhusa ya bwana. Zamani hilo lilikuwa ndani ya sheria yenyewe, katika Kodi ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987. Lakini kodi hiyo ilirekebishwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Ruhusa ya bwana iliondolewa. Mahali pake paliwekwa mapatano: mume na mke wapatane juu ya matendo ya kisheria yanayowafunga. Angalieni vizuri: mapatano ni ya pande mbili. Kama yeye anapaswa kupatana na wewe, na wewe pia unapaswa kupatana naye. Sikuandika hapa ili mtu anunue kitu kwa siri na kuleta vita nyumbani.

Kwa hiyo ongea na bwana wako kabla ya kununua. Mwambie hivi: kwa wenzi waliofunga ndoa mbele ya eta-sivili bila kuchagua mpango mwingine wa mali, kile wanachokipata kwa kazi wakiwa ndani ya ndoa huhesabiwa kuwa cha wote wawili. Karatasi ikiandikwa jina lako, yeye hajafukuzwa. Lakini ikiandikwa jina la ndugu yake, mmefukuzwa ninyi wote wawili. Bwana wa yule mama alilielewa hilo siku ile mbele ya shefu, akiwa amechelewa. Wewe mwelezee bwana wako leo, mkiwa mnakula.

Na wale tulioolewa kwa desturi tu, mahari ilitolewa, nyimbo ziliimbwa, lakini eta-sivili hatukufika? Tuko wengi. Kwetu sisi jina kwenye karatasi lina uzito zaidi, maana siku ya msiba au ya ugomvi hatuna kitabu cha ndoa cha kuonyesha. Wajane walio kati yetu hawahitaji nieleze. Wanajua jinsi familia ya marehemu inavyoingia nyumbani na kuanza kuhesabu vitu.

Hatua kwa hatua

Yule mama aliniomba nimsindikize Goma kubadilisha jina, kwa sababu fomu ni za Kifaransa. Haya ndiyo niliyojifunza pale, na mengine niliyokuwa nimeyasoma.

Kwanza, dukani. Usitoe pesa kabla fakture haijaandikwa. Majina yako yaandikwe kama yalivyo kwenye kadi yako ya mpiga kura: jina, jina la pili na jina la ubatizo, kwa mpangilio ule ule na herufi zile zile. Kila mwaka naona mtoto anayesumbuliwa siku ya mtihani kwa ajili ya herufi moja. Mashine nayo ni hivyo hivyo. Fakture iwe pia na aina ya chombo, rangi, wati za mota, namba ya fremu, namba ya mota, tarehe na muhuri. Kisha inama wewe mwenyewe, futa vumbi, usome namba ya fremu kwa macho yako na kuilinganisha. Kama namba imekwaruzwa, acha hiyo, tafuta nyingine.

Pili, duwane. Vyombo hivi vinatoka nje. Mwombe muuzaji kopi ya karatasi ya duwane inayoonyesha kwamba mashine iliingia kwa njia halali. Akisema «utaipata baadaye», mwambie na pesa pia atazipata baadaye. Bila karatasi hiyo, kuandikisha kunakuwa kugumu, na kila kizuizi cha njiani kitakuwa na swali lake.

Tatu, dirishani. Kwa sheria ya nchi, plake na karte roze ni kazi ya ofisi ya kodi, DGI. Vinyeti ya kila mwaka ni kodi ya jimbo. Bima ni jambo lingine, na ina karatasi yake. Ni vitu vitatu, msivichanganye, na kila kimoja kiwe na risiti yake. Nenda wewe mwenyewe. Karibu na ofisi za namna hii kuna vijana wanaokuja kukupokea kabla hujafika mlangoni: «Mama, nipe mimi, ndani kuna mstari mrefu.» Mstari mrefu ni bora kuliko jina la mtu mwingine. Ndani, uliza bei, omba karatasi inayoonyesha kiasi cha kulipa, ulipe mahali karatasi hiyo inaposema. Usilipe mkononi mwa mtu.

Yule karani alimwuliza mama: «Bwana wako yuko wapi?» Mama akajibu bila kelele: «Yuko shambani. Tumepatana. Mashine ni yangu, fakture ni hii.» Karani akatazama, akaandika. Nilimwona mama akitoka na jasho kwenye paji la uso, lakini mgongo umenyooka.

Nne, kabla ya kutoka dirishani. Soma karte roze pale pale. Jina, namba ya fremu, namba ya plake. Kama hujui kusoma Kifaransa, nenda na mtoto wako wa sekondari au mwambie mwalimu wa jirani. Si aibu. Kosa likionekana pale, linasahihishwa siku ile. Likionekana nyumbani, ni safari nyingine.

Tano, nyumbani. Fanya kopi tatu. Moja itembee na wewe, moja ikae kwa mtu wa familia yako wa kuaminika, moja iingie katika sanduku la AVEC. Karte roze yenyewe na risiti zote weka pamoja na vyeti vya kuzaliwa na vyeti vya shule vya watoto, ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, mahali mkono unafika haraka. Sisi wa Kiwanja tunajua kukimbia usiku. Baiskeli inaweza kubaki nyuma. Karatasi isibaki. Na msitupe risiti za zamani kwa kusema wakuu wamebadilika. Wakuu na ofisi vimebadilika mara nyingi katika mji wetu, lakini risiti ya zamani bado inaonyesha nani alilipa na siku gani.

Sita, ukiuza au ukinunua ya mkononi. Usiridhike na kupokea ufunguo na chaji. Dai karatasi ya mauzo yenye sahihi za pande zote mbili na mashahidi wawili, kisha karte roze ibadilishwe jina. Ukinunua mashine iliyo bado kwa jina la mwingine, wewe ndiwe yule mnunuzi wa hadithi yetu, na wewe utapoteza.

Ombi kwa vikundi vyetu

Sanduku letu la akiba lina kofuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu wasiokaa nyumba moja. Hakuna anayesema tunatukana familia kwa kuweka kofuli tatu. Ndivyo tunavyolinda amani kati yetu. Lakini pesa ikitoka sandukuni na kuwa cherehani, shamba au baiskeli, tunaiacha bila hata jina. Mkopo tunaulinda, mali tunaiacha.

Kwa hiyo naomba kila kikundi kifanye kama mwandishi wetu alivyofanya. Mama akichukua pesa ya kununua chombo, alete kopi ya fakture ndani ya wiki mbili, na kopi ya karte roze ikitoka. Iandikwe kwenye daftari. Isomwe kwa sauti mbele ya wote, jina na namba. Kikundi kizima kikiwa kimesikia, hakuna atakayekuja baadaye kusema «ni karatasi tu».

Mama wa unga yuko vizuri sasa. Baiskeli inapita mbele ya shule yetu kila asubuhi, gunia nyuma, plake ikiwa imesafishwa. Kijana wake amerudi darasani, anafukuza masomo yaliyompita. Na mama wa mikate ameniambia ataenda Goma mwezi ujao, na bwana wake atamsindikiza hadi dukani. Nimemkumbusha jambo moja tu: asisahau kadi yake ya mpiga kura.

Jumamosi hii, anayetaka kusomewa karatasi yake, ya baiskeli, pikipiki au shamba, ailete kabla ya sanduku kufunguliwa. Tutaisoma pamoja.